Njia ya Juu, Njia ya Chini na Kiti cha Dereva

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili kaniletea binti yangu wa mwisho, yule anayeuza dawa. Kasema, "Baba, maneno mengine uwe unayamwaga humu, umpumzishe Mama masikio." Haya, namwaga. Shule niliishia darasa la nne kwa sababu mimi na mwalimu tulichokana, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu afunge daftari akalale. Na mistari yenyewe haionekani. Huko kiwandani wamebania wino.

Habari ya leo ni moja. Tarehe tisa Mei tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, mimi na Jaji. Jaji ni mke wangu. Sheria hajasomea, ila tangu nimuoe sijawahi kushinda kesi. Siku ya harusi nilimwahidi kwamba tukifika hamsini tukiwa hai nitamrudisha kwa gari, nikiendesha mwenyewe, mpaka mji wa reli tulikokutana. Mimi nilikuwa nashona viti vya mabehewa, yeye alikuwa anakata tiketi dirishani. Niliahidi kwa sababu hamsini ilikuwa mbali. Sasa iko mlangoni inabisha hodi.

Kwenda huko kuna njia mbili. Njia ya Juu inapanda milima, ina kona kama utumbo wa mbuzi, ina ukungu, lakini ni fupi: unatoka alfajiri, jioni umefika. Njia ya Chini inazunguka bondeni, imenyooka kama rula, unavuka mto kwa kivuko na kulala njiani. Ni njia ya wagonjwa na wabeba mayai. Nimetangaza tutapita Juu. Mwenye nyumba kasema, yamekwisha.

Jaji alikuwa anachambua mchele. Hata kichwa hakuinua.

"Tutapita Chini."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Huyu mwanamke ana sababu saba za kununua kiberiti. Leo safari nzima anasema "basi tu"? Kuna jambo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeuliza tena. "Basi tu."

Jumamosi, 7 Machi

Gari letu tunaliita Shangazi, kwa sababu haliwaki bila kulalamika, na likishawaka linataka mtaa mzima ujue. Viti vyake vyote nimeshona mimi. Fahari yangu ni kiti cha abiria. Nilimshonea Jaji kwa mkono: usumba mgumu wa nazi, springi za behewa la daraja la kwanza, mbavu huku na huku asiyumbe kwenye kona. Miaka yote anakikalia, na hakijabonyea hata unywele. Ukikiona utadhani kimetoka karakanani jana. Nikifa, kile kiti kitanizika.

Viti vingine navisoma. Mtu akinyanyuka kwenye kiti nilichokishona, nitakwambia ana uzito gani, mguu upi unamuuma, na kama kwake kuna amani. Mdomo hudanganya, makalio hayajajifunza.

Leo nimeingia ndani ya Shangazi nipashe injini, magoti yakagonga usukani. Kiti kimesogezwa mbele. Kioo cha kati kimeinamishwa, kinanionyesha vifungo vya shati langu. Mtu mfupi kakaa kwenye kiti changu.

Na mtu mfupi mtaa huu ni mmoja tu: jirani yetu, dereva mstaafu wa mabasi, tunamwita Nusu Mita. Mke wake alifariki mwaka juzi, tukamlilia sote. Lakini siku hizi anang'arisha viatu, anajipulizia manukato mpaka kuku wanapiga chafya. Ndiye anayempeleka Shangazi kwa fundi breki kila Jumanne na Ijumaa, na Jaji anafuatana naye, eti kumchunga fundi asiibe vipuri. Mimi nina kazi karakanani, nikaona sawa. Lakini ni breki gani zinaugua Jumanne na Ijumaa, kama mtoto asiyependa shule?

Jumanne, 10 Machi

Wamekwenda breki. Wamerudi wanacheka. Waliponiona wakakumbuka kwamba hakuna cha kuchekesha.

Alhamisi, 12 Machi

Nguzo ya geti imenigonga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa namrudisha Shangazi ndani polepole, nguzo ikaja ikang'oa kioo cha pembeni. Jaji akatoka na ufagio, akazoa vipande, akaingia ndani. Hakunitukana! Angenitukana ningelala vizuri. Mwanamke akiacha kukutukana, ujue maneno yake anayapeleka kwingine.

Nusu Mita akapita, akatazama. "Pole, mzee mwenzangu. Nguzo za siku hizi hazina adabu."

"Kama wafupi," nikamjibu.

Akacheka. Mtu mwenye dhamira safi angekasirika.

Jumatatu, 16 Machi

Kuna mtu anaingia karakanani kwangu. Kila asubuhi nakuta sindano zote zimeshatiwa uzi, nyembamba na nene, zimepangwa vizuri kwenye mto wake. Mwizi gani anaingia kufanya kazi? Leo nimefunga kwa komeo na kufuli.

Jumanne, 17 Machi

Sindano zina uzi. Kufuli liko vilevile, linanitazama.

Ijumaa, 20 Machi

Nusu Mita kaja kunywa chai. Kochi la sebuleni nililifumua zamani nilibadilishe springi, sijalimalizia, kwa hiyo wageni wanakaa kwenye mbao na kuambiwa pole. Mganga hajigangi.

Nikamtega. "Wewe uliyeendesha mabasi, njia ipi bora, Juu au Chini?"

"Chini, ndugu yangu! Nimeipita miaka na miaka. Ile njia ni kama kitanda. Hata mtu aliyeanza jana anaweza..."

Akaguta, "Aah!" kwa sababu Jaji alimkanyaga chini ya meza. Nilisikia kishindo.

"Chai ya moto, shemeji," akasema.

Chai ilikuwa imepoa. Yangu nilikuwa nimeshaimaliza, nyingine imeingia kwenye kisahani, maana Jaji naye siku hizi ananunua vikombe vidogo.

Kwa hiyo nyumba za wageni za Njia ya Chini anazijua zote, huyu bwana. Naandika nisisahau.

Jumapili, 22 Machi

Binti kaja kula. Akaniuliza, "Baba, ulikwenda kupima macho?"

"Macho yangu mazima. Yanakuona umenenepa."

"Mimi nimekaa huku, Baba. Huyo unayemtazama ni Mama."

Tukacheka sana, mimi na binti. Jaji alinyanyua sahani, akaenda kuziosha kabla watu hawajamaliza kula.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua wiki nzima. Bati linapiga kelele, sisi tumenyamaza.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo nimewafuata.

Nilivaa koti la mvua la zamani, nikachukua mwavuli, nikamwachia mlango paka. Shangazi hajifichi. Ukimpoteza kwa macho unamfuata kwa masikio. Hakwenda kwa fundi yeyote. Alikata nyuma ya stendi, akaingia kwenye ule uwanja mtupu yalikokuwa yanalazwa mabasi. Nikasimama nyuma ya ukuta uliobomoka, maji yananiingia shingoni, nikachungulia.

Niliona gari langu linazunguka. Linazunguka, linasimama, linarudi nyuma, linazunguka tena, kama nzi aliyeingia kwenye chupa ya soda. Ndani vichwa viwili, kimoja kina kofia. Kipi cha nani sikuona, mvua ilikuwa kubwa. Halafu Shangazi akaanza kurukaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, akakohoa, akazima katikati ya dimbwi. Nikasikia kicheko cha mke wangu. Kile kicheko chake cha dirisha la tiketi, ambacho nilidhani kilishastaafu.

Kilichoniuma zaidi, nikiri, ni klachi. Bwana aliyeendesha mabasi maisha yake yote anaichuna klachi yangu vile! Mapenzi yamemnyang'anya hata ufundi wake.

Nikawahi nyumbani, nikabadilisha nguo. Walipofika nikauliza, "Breki zinaendeleaje?"

"Zinaendelea vizuri," akasema Jaji. "Mbona nywele zako zimelowa?"

"Natokwa jasho."

"Kwa baridi hii?"

"Basi tu."

Tukatazamana. Tope lilikuwa kwenye viatu vyake, tope lilikuwa kwenye viatu vyangu.

Jumatano, 8 Aprili

Redio imesema lori limetumbukia bondeni kwenye Njia ya Juu, ndani ya ukungu. Dereva amefariki. Jaji akaizima.

"Bado tunapita Juu?"

"Alikuwa kijana yule. Mimi kona zile nazijua kwa mwili."

"Kwa mwili," akasema. "Na gari linalokuja mbele yako utalijua kwa nini?"

"Kwa honi."

Akaacha chakula chake mezani. Sijawahi kumwona akiacha chakula. Hata siku ya msiba wa mama yake alikula, analia huku anatafuna.

Alhamisi, 9 Aprili

Redio tena: mto umefura, kivuko cha Njia ya Chini kimesimama. Nilifurahi peke yangu chumbani. Jioni wakasema kimerudi kazini.

Ijumaa, 10 Aprili

Amerudi macho mekundu. Nikauliza kulikoni. "Nilikuwa nakata vitunguu." Vitunguu gani, mtu katoka nje? Usiku kwenye mchuzi nimevitafuta kwa ulimi, hakuna hata kimoja.

Wamegombana. Sasa tazama ujinga wa mwanaume: badala ya kushangilia, nilitaka kwenda kumtia makofi Nusu Mita kwa kumliza mke wangu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimetega mtego, wa kifundi. Nimefumua kiti cha dereva, nikatoa sponji, nikatandika usumba mpya uliochambuliwa vizuri, haujakandamizwa, juu kitambaa laini. Usumba wa namna hii, anayeukalia kwanza anaacha alama kama mguu kwenye saruji mbichi. Kesho Jumanne. Karibu sana, Nusu Mita, kaa ujisikie nyumbani.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekisoma kiti. Nimepapasa mara tatu, nikaenda kunawa uso, nikapapasa tena.

Aliyekaa ni mtu mwepesi. Anaulalia upande wa kushoto, nyonga ya kulia anaionea huruma. Anakaa mbele kabisa, ukingoni, kama mtu anayechungulia dirishani. Huyu si Nusu Mita. Nusu Mita ni mfupi, ndiyo, lakini nyuma kabeba gunia.

Kuna mtu wa tatu!

Jumatano, 15 Aprili

Nimekwenda kwa fundi breki mwenyewe. Alinipokea vizuri, akanipa ndoo nikae.

"Mzee, kumbe bado mnalo lile gari? Mimi tangu mwaka jana sijalitia machoni. Nilijua mmeliuza."

Nikamwambia nilikuwa napita tu kumsalimia. Njiani kurudi niliongea peke yangu, watu wakanipisha.

Kuuza! Ndiyo hiyo. Mtu wa tatu ni mnunuzi. Wanamjaribisha Shangazi, Nusu Mita dalali, binti anajua, Jaji anajua. Siku ya safari nitaamka nikute geti wazi na doa la oili. Ndiyo maana nikimuuliza njia Jaji anasema "basi tu", kwa sababu hatupiti popote.

Jumapili, 19 Aprili

Nimetengeneza mto wa majaribio, usumba ule ule, nimeuweka kwenye benchi la barazani. Kila anayekuja namwambia, "Hebu kaa hapo, nampimia mteja."

Kakaa binti. Si yeye, anakaa katikati kama mfuko wa sukari.

"Baba, unapima nini hasa?"

"Napima mapenzi."

"Na umeonaje?"

"Yamezidi upande wa nyuma."

Akanipiga na kitambaa. Kakaa Nusu Mita, kaacha shimo la kufugia bata. Kakaa mama wa duka la pembeni, kakaa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, akasema hajawahi kukaribishwa vile popote. Hakuna anayefanana na ile alama. Wote nimewapima isipokuwa Jaji, na Jaji wa nini? Kiti cha Jaji nakijua, nilikishona mwenyewe.

Jumanne, 21 Aprili

Leo mvua imekatika kwa muda. Hawakwenda breki, Nusu Mita ana mafua.

Nilikuwa karakanani, mlango wazi. Jaji akatoka na bakuli la maharage, akatafuta pa kukaa. Kochi liko uchi, unajua nani wa kulaumiwa. Akakaa barazani, kwenye mto wangu wa majaribio, akaanza kumenya. Sikumsemesha. Tuna wiki mbili tunapishana kama mabehewa. Baadaye sufuria ikafurika jikoni, akaruka, akakimbia ndani.

Nikatoka kuutikisa mto, usumba usilale vibaya. Mkono ukausoma kabla kichwa hakijataka kusoma.

Mwepesi. Analala kushoto. Nyonga ya kulia anaionea huruma. Mbele kabisa, ukingoni.

Nikakaa chini, kwenye ngazi yenye maji, suruali ikalowa, sikujali. Nimesoma makalio ya nchi nzima, ya mabwana wa reli na wake zao, na ya mke wangu sikuwa nayajua. Ningeyajua wapi? Kile kiti nilichomshonea hakina alama, na mimi nilijisifu hakina alama. Kwamba nyonga yake inamuuma nimeambiwa na mto.

Halafu mengine yakaja yenyewe, moja linamshika mkono lingine. Kiti kilichosogezwa mbele. Kioo kilichoinamishwa. Klachi inayochunwa na mtu anayejifunza. Vile vitunguu visivyokuwepo: ile Ijumaa alikwenda kwenye mtihani wa leseni, akashindwa, akaona aibu kulia mbele yangu. Sindano. Ufunguo wa pili wa karakana anao nani, we mzee mjinga? Anaamka kabla yangu, anatia uzi sindano zote, anafunga kufuli, anarudi kitandani ananikuta nakoroma.

Sababu ya yote haya haihitaji kupapaswa. Mistari ya daftari hili haikubaniwa wino. Nguzo ya geti iko pale pale ilipojengwa. Jicho la kulia limejaa maziwa, la kushoto linalifuata taratibu, na nimelijua hilo tangu kiangazi. Nilitaka Njia ya Juu kwa sababu ya ukungu. Ndani ya ukungu wote tunaona sawa. Nilifikiri pale juu hakuna atakayegundua.

Pale juu pembeni yangu angekuwa amekaa yeye.

Akatoka jikoni. "Mbona umekaa kwenye maji?"

"Napumzika."

"Nyanyuka, utapata homa." Akanishika kwapa akaninyanyua. Kisha akaukalia mto tena, akaendelea na maharage yake, hana habari kwamba ameshakamatwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Sijasema kitu. Ukishajua siri ya mtu unakuwa na kazi ya kuibeba. Hii si nzito, ila inataka kucheka.

Ijumaa, 24 Aprili

Wamerudi, Jaji anaimba. Kafaulu! Hakusema, lakini hata viatu alivivua kwa madaha. Kampikia Nusu Mita kuku mzima. Mimi nikamwekea paja.

Nusu Mita akalitazama lile paja, akanitazama. "Shemeji, huyu mumeo yuko salama kweli?"

"Kula," nikamwambia. "Mafua hayataki maswali."

Akala anapima kila tonge, kama nimetia sumu. Nimemdhania mabaya mwezi na nusu, wacha naye anidhanie usiku mmoja.

Jumatatu, 27 Aprili

Asubuhi nikatangaza. "Nimefikiri. Tupite Chini."

Kijiko cha Jaji kikasimama hewani. "Kwa nini?"

"Basi tu."

Unajua furaha ya kulirudisha neno kwa mwenyewe? Siku nzima alinizunguka. Alinusa kikombe changu. Mchana nikamsikia kwenye simu na binti: "Kuna kitu baba yako anaficha. Hapana, hajambo. Hilo ndilo linanitisha."

Alhamisi, 30 Aprili

Nafanya kazi karakanani, mlango nimefunga. Jaji kaja kugonga.

"Unashona nini huko?"

"Kiti cha mteja."

"Mteja gani?"

"Mtata. Halipi, na anapenda kukalia ukingo."

Akaondoka, lakini kivuli chake kilibaki chini ya mlango kitambo.

Sindano zinaendelea kutiwa uzi. Leo nimeziacha kwenye mto nikazitazama tu, kisha nikazitumia zote.

Jumanne, 5 Mei

Jana nimemwachia binti anipeleke kupimwa macho. Daktari kasema kuna kupasuliwa, jicho moja kwanza, tukisharudi safari. Nimekubali. Binti kanitazama kama aliyeona mbuzi anasoma gazeti. Nimemwambia akimwambia mama yake nitamwambia mama yake mengine.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa kwenye foleni ya kivuko. Herufi kubwa, gari limesimama.

Alfajiri mvua ilikuwa imeacha. Nusu Mita alikuja kufungua geti, kavaa viatu vyake vinavyong'aa kana kwamba anaoa yeye. Binti alikuwa anatia vyakula nyuma. Jaji akatoka na kilemba kipya, begi mkononi, leseni yake bila shaka imefichwa kifuani, ikisubiri wakati wa kunivunja moyo taratibu. Maskini, alikuwa ameshapanga maneno. Nilimsikia bafuni akiyafanyia mazoezi: "Mume wangu, usikasirike, lakini..."

Akaufungua mlango wa abiria, akanikuta nimeshakaa, mkanda nimefunga.

"Umekosea mlango, mzee."

"Sijakosea."

"Nani anaendesha?"

"Katazame kiti."

Akazunguka. Kile kiti nimekishona upya kwa kuifuata ile alama. Kimenyanyuka, auone barabara bila kuchungulia. Kimekuja mbele, miguu ifike. Kulia nimekilaza, nyonga ipumue. Akakipapasa. Akakaa. Hakukaa ukingoni, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa.

"Ulijua lini?"

"Nilipopapasa makalio yako."

"Mbele ya watu?"

"Ulikuwa jikoni."

Alicheka mpaka kichwa kikaegemea usukani, honi ikalia, mtaa mzima ukaamka. Nusu Mita pale getini akapangusa macho, akasingizia mafua. Nilimwita dirishani nikampa mto wa majaribio, ule wa barazani. "Alama yako imo humo," nikasema. "Uweke sebuleni kwako, utapata mke." Akasema atautumia kufugia bata.

"Uliahidi utaendesha wewe," Jaji akaniambia, bado anacheka, bado analia.

"Niliahidi kukufikisha."

Akawasha. Shangazi akalalamika. Akatia gia bila kuichuna, akapita getini, na nguzo leo ilikuwa na adabu zake zote.

Njia ya Chini imenyooka kweli. Bonde limejaa majani ya kijani kila upande, au ndivyo Jaji anavyonieleza. Ananisimulia kila kitu: punda huyu, daraja lile, mtu kapakia kabati kwenye baiskeli. Hajawahi kuongea hivi safarini. Zamani nilidhani hapendi safari.

Jua lilipopanda nilianza kuhisi kitu. Kwanza kiunoni, halafu kwenye nyonga, ya kulia. Springi moja ya daraja la kwanza ilikuwa inanichoma kama kidole cha mkaguzi wa tiketi, na zile mbavu nilizomwekea asiyumbe zimenibana kama naibiwa. Nikageuka huku, nikageuka kule. Mwisho nikasogea mbele ukingoni, nikaacha kukikalia, nikawa nakigusa tu.

"Jaji."

"Naam."

"Hiki kiti kinauma."

Hakutoa macho barabarani. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipokileta umekifunga utepe."

"Na hukusema? Wewe? Miaka yote hii?"

"Ningesema ungekifumua," akasema. "Na kochi letu linajua mambo unayoyafumua yanaishia wapi."

Kesi nyingine imekwenda. Akanipiga kofi dogo la goti, akashusha gia kama mtu aliyezaliwa nayo, kwa sababu mto ulikuwa umeshaonekana mbele.

"Lalia kushoto kidogo, mume wangu," akasema. "Utazoea."

Nimelalia kushoto.